Alama Haisemi Mtoto Amekwama Wapi

Nazungumza nanyi, wasikilizaji mlioko nchi kavu huko Bungu, Kibiti mjini na Jaribu Mpakani, na ninyi wa delta ya Rufiji, Mbwera, Salale, Kiongoroni, Msala na kwingineko, ambao labda mnatusikiliza huku mkisubiri maji yajae ndipo mtumbwi uondoke.

Fungua daftari la hesabu la mtoto wa darasa la nne, shule yoyote ile. Utakuta safu za hesabu, vema kadhaa, makosa kadhaa, na pale chini duara jekundu lenye sita ya kumi. Ukurasa unaofuata nne ya kumi, na neno moja: "Jitahidi". Swali langu leo, kwa mzazi na kwa mwalimu, ni dogo tu. Ajitahidi kwenye nini? Hajui kukopa anapotoa? Anachanganya nafasi za makumi na mamia? Au somo lenyewe lilifundishwa wiki ambayo yeye alikuwa shambani anafukuza ndege wa mpunga? Alama imekaa kimya. Na mtoto naye kakaa kimya, maana hata yeye hajui.

Najua walimu mtanirukia. Mtasema, bwana mtangazaji, sisi tunapima mpaka tumechoka. Kuna jaribio la wiki, mtihani wa mwezi, wa nusu muhula, wa muhula, kuna ule wa ujirani mwema kati ya shule jirani, kuna utamilifu wa wilaya na wa mkoa, halafu upimaji wa kitaifa wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Ni kweli tupu. Karibu niseme mtoto wetu anapimwa kuliko anavyofundishwa. Lakini mwaka 2012 nchi nzima ilishtuka kusikia kwamba maelfu ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Watoto wale hawakudondoka kutoka mbinguni. Walikaa madarasani miaka saba, wakafanya majaribio na mitihani yote hiyo, alama zao zikaandikwa, madaftari ya alama yakafungwa na kuwekwa kabatini. Hakuna aliyeyafungua kuuliza yanasema nini. Na mwaka 2010 utafiti wa mpango uitwao Uwezo, uliopita nyumba kwa nyumba, ulikuta kwamba ni watoto takriban watatu tu katika kila kumi wa darasa la tatu waliomudu kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kiswahili, wasikilizaji, si Kiingereza.

Wazee wetu waliliona jambo hili mapema. Machi 1967, Mwalimu Nyerere katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea alilalamika kwamba mitihani yetu inapima uwezo wa kukariri mambo na kuyatapika siku ya kuulizwa. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, likataka mtihani wa mwisho upunguziwe uzito na kazi za mwanafunzi za kila siku zihesabiwe, pamoja na mwenendo wake. Lilikuwa wazo zuri, tena la kishujaa, kwa sababu Baraza la Mitihani la Taifa lenyewe lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, limeundwa kwa sheria ya 1973. Kilichotokea baadaye ndicho kinachonikera. Zile kazi za kila siku, zilizokusudiwa kumwonyesha mwalimu mwanafunzi wake anaendeleaje, tulizigeuza tukazifanya mitihani midogo midogo. Tathmini endelevu ikawa ni kukusanya alama kwa awamu. Mwalimu wa taaluma anadai alama, mwalimu mkuu anazipeleka kwa afisa elimu kata, afisa elimu kata anazipeleka wilayani, na huko zinajaza jedwali. Safari yote hiyo, na hakuna kituo hata kimoja ambapo somo la kesho linabadilika.

Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1967, huko Marekani, msomi mmoja kwa jina Michael Scriven alitenganisha kwa mara ya kwanza aina mbili za tathmini: ile inayofanywa kazi ikiendelea ili kuirekebisha, na ile inayofanywa mwisho ili kutoa hukumu. Mwaka 1998, Paul Black na Dylan Wiliam wa chuo kikuu cha King's College London walipitia machapisho yapatayo 250 wakakuta kwamba ile aina ya kwanza, ikifanywa vizuri darasani, inainua ufaulu, na wanaonufaika zaidi ni wale watoto walio nyuma. Na kuna mtafiti wa Israel, Ruth Butler, mwaka 1988 aliwagawa watoto makundi matatu. Wa kwanza wakarudishiwa kazi zao zikiwa na alama tu, wa pili maoni tu ya maandishi, wa tatu alama pamoja na maoni. Waliosonga mbele ni wale wa maoni tu. Wale waliopewa vyote viwili hawakufaidika kuwashinda wa alama tupu. Nadhani kila mzazi anaijua sababu. Mtoto akishaiona ile namba nyekundu, hasomi tena kilichoandikwa pembeni.

Ninyi wa deltani mnalijua jambo hili kuliko maprofesa. Nahodha anayepita mkondo maji yakiwa yanapwa huutia upondo mara kwa mara, hapa kina kipo, hapa pana fungu, geuza kidogo kushoto. Hangoji chombo kikwame ndipo atangaze kwamba safari imepata alama nne ya kumi. Mwalimu anayeuliza swali zuri katikati ya kipindi, akaona majibu ya darasa zima, akageuza somo palepale, anafanya kazi ileile ya upondo.

Kwa nini nimechagua Kibiti na delta kwa mazungumzo haya? Kwa sababu mahali hapa panaumbua ratiba ya shule. Mtaala umeandikwa kana kwamba mtoto aliyekuwepo Jumatatu ndiye atakayekuwepo Ijumaa. Deltani mambo hayako hivyo. Msimu wa mpunga familia zinahamia mashambani, zinakaa kwenye madungu kulinda mazao, na watoto wanakwenda pamoja nao. Bamvua likija, njia ya shule inageuka mto. Mvua zikizidi bara, Rufiji inashuka na maji ya eneo kubwa la kusini mwa nchi. Mafuriko ya mwaka 2024 yalizamisha nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti, na shule nazo hazikusalimika. Mtoto akirudi baada ya wiki tatu, mwalimu ameshafika mada nyingine. Mtihani wa mwezi utamwambia mwalimu kwamba mtoto huyu amepata mbili. Hilo alikuwa analijua. Asilolijua ni kipi hasa kati ya vilivyofundishwa siku zile ndicho kinachomzuia asielewe cha leo. Mtoto aliyekosa somo la kukopa hakosi somo moja. Anakosa kugawanya, anakosa vipimo, anakosa fedha.

Sasa tuje kwenye zana. Nikisema zana, wengi wanawaza kompyuta mpakato na projekta. Zije, hatukatai. Lakini shule ambayo ruzuku yake ya uendeshaji inahesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka mzima haiwezi kujenga mpango wake juu ya kifaa kinachoharibika kwa upepo wa chumvi. Tuanze na kilichopo.

Kilichopo kwanza ni vidole. Mwalimu anaandika swali ubaoni na majibu manne, moja hadi nne. Anatoa nusu dakika ya kufikiri. Kisha: fumbeni macho, onyesheni kifuani. Mtoto anaweka kidole kimoja, viwili, vitatu au vinne kifuani pake, si juu ya kichwa, ili wa nyuma asichungulie. Mwalimu anatupa jicho mara moja. Amewauliza wote, kwa gharama ya sifuri. Linganisha na desturi yetu: "Nani anajua?" Vinanyanyuka vidole vitano, vilevile vya jana, "mimi mwalimu, mimi mwalimu!", anajibu yule mwerevu wa dawati la mbele, darasa linampigia makofi, mwalimu anasema "mmeelewa?", na watoto 90 wanaitikia "ndiyooo". Ile ndiyo ya pamoja, wasikilizaji, ndiyo takwimu ya uongo kuliko zote nchini.

Zana ya pili ni kibao kidogo cha mkononi. Kipande cha silingibodi au cha mbao iliyobaki kwa fundi, ukubwa wa daftari, kimepakwa rangi nyeusi. Chaki kipande, kitambaa cha kufutia. Mwalimu akisema "onyesha", vinapanda vibao vyote. Uzuri wake ni kwamba mtoto anaandika jibu lake mwenyewe, hachagui. Makosa ambayo mwalimu hakuyawaza yanaonekana hapo. Na kosa likifutwa kwa kitambaa limekwisha, halibaki kwenye daftari kumsuta mtoto mwaka mzima.

Ya tatu ni gunia la salfeti. Waliopita vyuo vya ualimu wanalijua. Karatasi ya manila deltani haina maisha marefu. Unyevu unailegeza, mchwa wanaimalizia, na paa likivuja ndiyo basi. Gunia la salfeti lililopasuliwa, likaandikwa kwa maka peni, unalikunja, unalitia kwenye mtumbwi, likilowa unalianika. Kasoro yake ni moja: tumezoea kuligeuza pambo la ukutani. Mthibiti ubora akija anasifu, "darasa linazungumza". Kweli darasa linazungumza, swali ni kama kuna mtu anasikiliza. Chati inayoning'inia Januari hadi Desemba bila kuguswa ni sawa na kalenda ya mwaka juzi. Afadhali gunia moja lenye mifuko midogo ya kuchomekea kadi za majina, kwamba huyu anasoma silabi, huyu maneno, huyu aya, huyu amefika kwenye hadithi, na kadi zinahama mtoto anapopanda. Tena ningeshauri gunia hilo likae kwa mwalimu, lisitundikwe mbele ya wote, maana watoto wana ulimi mkali kwa mwenzao aliyebaki kwenye silabi.

Lakini ngoja nikae kidogo kwenye jambo ambalo hatuliweki kwenye orodha ya zana, nalo ndilo zana kuu: swali lenyewe. Kibao bila swali zuri ni kipande cha ubao tu. Chukueni kalamu kama mnayo. Tunafundisha kutoa. Mwalimu anaandika 302 kutoa 147. Jibu sahihi ni 155. Sasa mwalimu anayejua kazi yake haweki majibu mengine ya kubahatisha tu. Anaweka 245, anaweka 165, anaweka 145. Kila moja limetoka mahali.

Aliyepata 245 ameona mbili haitoi saba, basi akageuza, saba kutoa mbili, tano. Sifuri haitoi nne, akageuza, nne. Tatu kutoa moja, mbili. Huyu hajui kukopa kabisa, na anaamini kwamba kutoa ni kuchukua namba ndogo kutoka kubwa, iwe juu au chini. Aliyepata 165 yuko mbali sana na mwenzake huyo. Anajua kukopa, amekopa mia akaifanya makumi kumi, akachukua kumi moja akapeleka mamoja, ila amesahau kwamba makumi yamebaki tisa. Huyu anahitaji dakika mbili. Na wa 145 ameruka, amekopa mia moja kwa moja akaipeleka kwenye mamoja kana kwamba ni kumi, halafu kwenye makumi akageuza kama yule wa kwanza. Watoto watatu, kwenye mtihani wa mwezi wote wamekosa, wote sifuri kwa swali hilo, wote "Jitahidi". Kumbe mmoja anahitaji kuanza upya, mwingine kukumbushwa, wa tatu kuelezwa mia ni nini.

Mwalimu akishaona vidole kifuani, ana maamuzi ya kufanya kabla kengele haijalia. Wakiwa wengi ni wale wa 245, somo la leo limesimama hapo, hakuna kuendelea na zoezi la kitabuni hata kama azimio la kazi linasema vingine. Na hapa ndipo chelewa zinapoingia. Mnazi deltani haukosekani. Funga chelewa kumikumi, kisha funga mafungu kumi pamoja upate mia. Mpe mtoto mafungu matatu ya mia na chelewa mbili za pekee. Mwambie: nipe saba. Ana mbili tu mkononi. Atakutazama. Mwache akutazame. Hana kumi za kufungua, ana mia tupu. Itabidi afungue fungu la mia, apate makumi kumi, kisha afungue moja ya hizo kumi. Akishafanya hivyo kwa vidole vyake mara mbili tatu, ile tisa inayosahaulika ubaoni ameiona: mafungu tisa yamelala hapo mezani. (Nimesema chelewa, sikusema fito za mikoko. Mikoko ya Rufiji ni msitu wa hifadhi, kukata kuna kibali chake, na sitaki walimu wafike kwa watu wa TFS, wakala wa misitu, kwa ajili ya somo la kutoa.)

Swali zuri linaweza kutoka pia kwenye biashara ya hapohapo. Ipi kubwa, 0.8 au 0.75? Darasani watoto wengi watakuambia 0.75, kwa kuwa sabini na tano inaizidi nane. Sasa geuza: kaa wawili wako kwenye mzani wa mnunuzi, mmoja robo tatu kilo, mwingine gramu mia nane, yupi analipiwa zaidi? Mtoto wa mvuvi wa kaa hakosei hapo, fedha ya nyumbani kwao imo ndani yake. Kwa hiyo mwalimu amegundua kitu ambacho mtihani usingemwonyesha: uzito mtoto anaujua, kilichomshinda ni maandishi ya nukta. Kazi imepungua nusu.

Nataka kusema jambo ambalo baadhi ya wasikilizaji hawatalipenda. Zana zote hizi zinakufa pale fimbo inapokaa mezani. Mtoto anayejua kwamba kosa linalipwa kwa kiboko hatakuonyesha kosa lake kamwe. Ataangalia cha jirani. Atanyanyua kibao kikiwa kimegeuzwa. Kanuni za nchi ziko wazi: kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, kwa mamlaka ya mwalimu mkuu, na visizidi vinne. Kutojua 302 kutoa 147 hakumo kwenye orodha hiyo. Na wazazi nao wasijitoe. Wapo wanaokwenda shuleni kumwambia mwalimu, "mchape tu, huyu mzito". Mzazi huyo anaomba mtoto wake afichike zaidi.

Halafu kuna hoja ya muda, na hii naiheshimu. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, lakini tangu elimumsingi bila malipo ianze 2016 madarasa yalifurika, na walimu wanaokubali kupangwa visiwani na kubaki huko hawatoshi. Weka darasa la watoto 90. Kipindi ni dakika 40. Ukimgawia kila mtoto, anapata chini ya nusu dakika. Kusahihisha madaftari 90, dakika moja kila moja, ni saa moja na nusu, na hilo ni somo moja tu. Mwalimu mwenye masomo matatu atatoka saa ngapi, na kibatari cha nani? Ndiyo maana anasahihisha kwa vema na kosa na kukimbia. Sasa hesabu hiyohiyo ndiyo inayonishawishi kwamba vidole na vibao si anasa. Vinampa picha ya watoto 90 kwa dakika mbili, na jioni anachukua madaftari kumi na mbili tu, ya wale aliowaona wamekwama, akaandika sentensi moja ndani ya kila moja. Si "Jitahidi". Aandike: "Ukifungua mia, andika makumi yaliyobaki." Wengine aachane nao kwa siku hiyo. Mthibiti akiuliza mbona madaftari mengine hayana wino mwekundu, mwalimu mkuu amkinge mwalimu wake.

Tahadhari moja kutoka kwa jirani. Kenya walipoanza mtaala wa umahiri nchi nzima mwaka 2019, nia ilikuwa njema, mtoto apimwe kwa anachoweza kufanya. Muda si muda wazazi wakaanza kulalamika kwamba kila jioni wanatumwa vifaa, leo manila, kesho rangi, keshokutwa kuchapisha picha kwenye mkahawa wa intaneti, na kazi wanaifanya wao usiku mtoto amelala. Huko ndiko zana zinakopotelea. Sisi nasi tumeanza mtaala ulioboreshwa tangu Januari 2024, na tayari nasikia minong'ono. Zana ya kupimia haitakiwi iwe nzuri ya kupigiwa picha. Kama mama wa Mbuchi, huko deltani, analazimika kuuza kamba wa kitoweo ili anunue kadi za rangi, tumeshapotea njia.

Nani basi atengeneze maswali ya namna ile ya 302? Si rahisi mwalimu mmoja aketi peke yake ayabuni usiku. Hapa tunacho chombo tayari, MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu wa shule moja au za jirani hukutana kujadili kazi yao. Vikao hivyo, pale vinapofanyika, mara nyingi vinajaa mada za jumla, mwezeshaji anasoma moduli, wengine wanaandika mahudhurio. Mimi ningependa kila mwalimu aje na makosa matatu aliyoyaona kwenye madaftari ya wiki hiyo. Yale yale yasiyofutwa, ya watoto wake. Wakae waulize mtoto huyu aliwaza nini mpaka akapata hivi. Jibu likishapatikana, waandike swali la kunasa kosa hilo, wavumbue majibu yake manne, wagawane. Kwa mwaka shule tano za delta zitakuwa na mamia ya maswali yao wenyewe, yenye kaa, nauli ya boti ya Nyamisati kwenda Mafia, magunia ya mpunga. Mtandao ukishika, yapite kwenye grupu la WhatsApp. Usiposhika, daftari la kaunta linavuka kwa mtumbwi kama kinavyovuka kila kitu kingine.

Fedha? Mtihani wa ujirani mwema unachapwa, unarudufiwa, unafungwa kwenye bahasha, unasafirishwa kwa pikipiki na boti. Ukiacha mmoja tu kwa muhula, gharama ya karatasi ile inanunua maka peni, chaki na rangi nyeusi ya vibao vya shule nzima. Sijasema tufute mitihani yote. Mtihani wa mwisho una kazi yake, na mzazi ana haki ya kujua mwanawe amesimama wapi. Na hata Baraza la Mitihani, mwaka 2023, liliamua kuacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, jambo ambalo lingefaa lifuatwe huku wilayani, ambako bado kuna mikutano ya kuzisimamisha shule za mwisho mbele za watu. Shule ya kisiwani yenye walimu wanne ikilinganishwa na ya mjini yenye ishirini, mkutano huo umegundua nini?

Kwa walimu wa sekondari nina neno fupi, maana shida yenu ina sura nyingine. Mtoto anatoka darasa la saba alikosoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anaulizwa jiografia kwa Kiingereza. Akinyamaza, hamjui kama hajui mzunguko wa maji au hajui maneno ya swali. Muulizeni lilelile kwa Kiswahili, kwa kibao, kwa mchoro wa mto na bahari anayoiona kila siku. Hapo mnapima mnachokusudia kupima.

Nimalizie na kalenda. Kwa utaratibu mpya wa elimu ya msingi ya miaka sita, darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja mwaka 2027. Januari inayofuata, kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili kwa mpigo, moja lililosoma mtaala wa zamani na jingine la mtaala ulioboreshwa, kwenye madarasa yaleyale na kwa walimu walewale. Wa Kibiti watapokea watoto wa nchi kavu na watoto wa delta, waliopitia mafuriko na wasiopitia. Mwalimu wa hesabu atakayesimama mbele yao siku ya kwanza atapewa faili la kila mtoto, na kwa jinsi tunavyojaza mafaili hayo sasa, ndani yake atakuta alama.